Sura ya Nne: Kiu ya Udongo

Msafiri apandaye kutoka Mlali kwenda Mgeta, katika upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, huona mahali barabara ilipokatwa ubavuni mwa mlima jambo ambalo, kama hana haraka, litamsimamisha. Ukuta wa udongo ulioachwa na sururu una mistari myeupe na mistari ya rangi ya kutu, iliyolala kwa mwinamo mmoja kama miyaa ya mkeka, na mistari hiyo ndiyo ile ile iliyomo katika mwamba mgumu ulio chini yake, haikukatika wala haikupotoka. Jicho huapa kwamba hapo pana jiwe. Lakini ukichomeka kidole, kidole huingia.

Nilikuwa nimekichomeka changu, nami nimeinama kama mtu aliyepotewa na pete, alipotokea mzee mmoja akishuka na tenga la kabichi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nilikuwa natafuta dhahabu.

“La, mzee, natazama udongo.”

“Huo si udongo, mwanangu. Ni jiwe lililooza. Ngoja masika, ndipo utakapouona udongo.”

Akaenda zake. Kauli yake ilikuwa na elimu ndani yake kupita alivyojidai, kwani mwaka 1895 mwanajiolojia wa Marekani, George Becker, alipotaka jina la kitu cha namna hii, alikwenda mpaka katika Kiyunani kulitafuta neno lenye maana ya kuoza, akaliambatanisha na neno lenye maana ya jiwe, na hilo ndilo jina litumikalo vitabuni hata leo. Mzee wangu alifika hapo hapo bila kamusi. Ama yale maneno yake ya mwisho, ya kungoja masika, ndiyo yaliyonifanya niiandike sura hii.

Udongo wa dunia una asili mbili. Uko udongo msafiri, uliobebwa na mto au upepo ukatuliwa mbali na kwao, kama ule wa bonde la Rufiji, ambao kila mafuriko huuongezea tabaka. Na uko udongo mkaazi, ambao haukutoka ulipozaliwa, bali ulifanyika papo hapo kwa kuoza kwa mwamba ulio chini yake, na kwa sababu hiyo hukaa juu ya mzazi wake kama mtoto asiyehama. Huu wa pili ndio uliovika sehemu kubwa ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na katika nchi za joto na mvua kina chake huweza kufika mita 20 au 30 kabla ya kukuta jiwe zima.

Anayeuzaa ni maji, naye huuzaa kwa upole wa ajabu. Mvua ishukapo huchukua angani kiasi kidogo cha hewa ya ukaa, na ipitapo katika majani yaozayo na katikati ya mizizi ipumuayo huchukua nyingi zaidi, hata ikawa asidi dhaifu, ambayo ulimi hauitambui lakini mwamba huionja kwa maelfu ya miaka bila kupumzika. Itale na miamba ya jamaa yake imefanywa kwa madini ambayo kila moja hupokea adhabu hii kwa tabia yake. Feldispa, ambayo ndiyo nyingi, hunyang'anywa magadi, potasi na chokaa iliyokuwa nayo, na kilichosalia hujinywea maji kikawa kaolini, ule udongo mweupe laini ambao Wachina waliufanyia vyombo vya kauri. Ulanga, uliochimbwa katika milima hii hii zamani za Wajerumani, hufunguka karata moja moja kama kitabu kilicholowa. Chuma kilichokuwa kimefungwa ndani ya madini meusi hutoka, hukutana na hewa, na hushika kutu, ndipo tupatapo wekundu na umanjano wa ardhi yetu. Kwatsi peke yake haishughuliki. Hubaki chembe chembe, ndio mchanga.

Lililo la kustaajabisha zaidi ni kwamba kazi yote hii hufanyika bila mwamba kubadili kimo chake. Huweza kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, chumvi zake zikaenda mtoni na baharini, na bado mistari yake, nyufa zake na mishipa yake ikabaki pale pale ilipokuwa. Yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba iliyoingiwa na mchwa amekwisha kuona mfano wa jambo hili: boriti iko juu, rangi yake ni ile ile, hata alama za tezo zinaonekana, na siku fundi aipigapo kwa kifundo cha kidole ndipo ajuapo kwamba ndani mna vumbi.

Maji hufuata nyufa kwanza, na kwa kuwa pembe ya jiwe hushambuliwa kutoka pande tatu ilhali uso wake hushambuliwa kutoka upande mmoja, pembe huisha upesi, na moyo usiooza hubaki mviringo. Mawe ya Mwanza, pamoja na lile maarufu liitwalo Bismarck Rock lisimamalo ndani ya maji ya ziwa, ni mioyo ya namna hiyo. Udongo mkaazi uliokuwa umeyafunika umekwisha kuchukuliwa, nayo yamebaki yamepandana uchi, na wageni huyapiga picha wakidhani kuna jitu lililoyapanga.

Mtu aliyetufundisha kuusoma udongo wa nchi hizi kwa kufuata mteremko alikaa Amani, katika milima ya Usambara, katika kituo cha utafiti wa kilimo, jina lake Geoffrey Milne. Alitambua katika miaka ya 1930 kwamba kutoka kilele cha kilima hadi mbugani udongo hubadilika kwa mpango ule ule, mwekundu juu, wa kijivu na wa kichanga ubavuni, mweusi wa kunata mbugani, na kwamba mpango huo hurudiwa kilima baada ya kilima kwa masafa marefu. Akauita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mimi napendelea kuuita silsila, maana ni nasaba hasa: ule wa chini ni mtoto wa ule wa juu, ulioteremshiwa chembe zake na chumvi zake na maji. Milne alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ya uchunguzi katika Tanganyika, aliyoifanya kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, ilichapishwa baada yake, mwaka 1947. Aisomaye ataona kwamba mtu yule alikuwa na macho.

Sasa tuuendee ule udongo wa kilimani na tuulize kinachousimamisha. Mtoto wa pwani achezaye kwa kujenga nyumba za mchanga analijua jibu, ijapokuwa hajaulizwa: mchanga mkavu kabisa haujengeki, mchanga uliojaa maji haujengeki, na ujengekao ni ule wenye unyevu kidogo, kwa kuwa maji machache yaliyokaa katikati ya chembe hujivuta, na kwa kujivuta huzivuta chembe pamoja. Katika udongo mkaazi vinyweleo ni vidogo mno kuliko vya mchanga wa ufukoni, na kadiri kinyweleo kilivyo kidogo ndivyo mvuto wake ulivyo mkali, hata ukuta uliokatwa wima mwezi wa Agosti husimama miezi mitatu bila nguzo wala gadi, na mkandarasi akajisifu. Mvuto huo wataalamu wana majina yao kwa ajili yake. Mimi nitauita kiu. Udongo wa kilimani wakati wa kiangazi husimama kwa kiu yake. Ni nguvu ya kweli, yenye kupimika, lakini si milki ya udongo. Ni ya kuazima, na aliyeiazimisha hurudi katika vuli kuidai.

Msomaji anaweza kulihakikisha jambo hili barazani kwake, bila maabara. Chimba donge moja la udongo mwekundu lenye ukubwa wa ngumi, ulivunje mawili, nusu moja uianike juani siku tatu hata ilie kama kigae ukiigonga, na nusu ya pili uifunge katika jani la mgomba ibaki na unyevu wake. Kisha yatie yote mawili kwa taratibu katika mabakuli mawili ya maji. Mtu ambaye hajapata kuona atawekea dau lile gumu. Nami niliweka dau hilo nilipokuwa kijana, nikashindwa. Lile kavu huanza kutoa mapovu papo hapo, kingo zake hufumuka, vipande huruka pembeni kana kwamba kuna kitu ndani kinachopiga teke, na kabla maji ya chai hayajachemka limekwisha kuwa chungu ya uji kitakoni mwa bakuli. Lile bichi, lililo laini hata ukucha huingia, aghalabu hukaa vile vile kwa muda mrefu.

Sababu ni ile ile kiu. Donge kavu huyavuta maji kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na kwa pupa. Hewa iliyokuwa katika vinyweleo hukimbizwa kuelekea katikati, haina mlango wa kutokea, hubanwa, na ikizidi kubanwa huupasua udongo kutoka ndani. Wakati huo huo ule mvuto uliokuwa umezishika chembe pamoja umekoma, maana penye maji tele hapana kiu. Basi donge limeshambuliwa katika saa ile ile liliponyang'anywa silaha. Lile bichi lilikuwa limekwisha kuituliza kiu yake kidogo kidogo, hewa yake ilikuwa chache, na maji yaliingia kwa adabu.

Angalia pia maji ya bakuli baada ya saa moja. Kama donge limevunjika na maji juu yake yamebaki safi, hiyo ni athari ya hewa peke yake. Yakiwa yamegeuka kuwa kama tui, basi kuna ila nyingine, ambayo ni mbaya zaidi: udongo huo una magadi mengi yaliyong'ang'ania chembe zake, nayo huzifanya zichukiane, kila moja ikaelea mbali na mwenziwe hata katika maji yaliyotulia. Mwaustralia W. W. Emerson aliyapanga majaribio ya namna hii kwa madaraja mwaka 1967, na wajenzi wa mabwawa huyatumia mpaka leo, kwa kuwa bwawa lililojengwa kwa udongo wa kutoa tui hutobolewa kwa ndani, kijishimo kikawa mfereji, na mfereji ukawa msiba.

Kutoka katika bakuli hili tunaweza kuuelewa mwaka mzima wa mlima. Kiangazi hukausha uso wa ardhi, udongo wa mfinyanzi hunywea, na nyufa hufunguka. Mvua za kwanza hukuta shamba lililolimwa na kuachwa tupu, na tone kubwa la mvua, lishukalo kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde, huupiga udongo uliokauka kwa namna ile ile ya donge letu la kwanza, likaufumua, na vumbi laini likaziba vinyweleo vya juu hata maji ya baadaye yasiweze kuzama, yakakimbia juu na kuchukua walichopanda watu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mvua za mwanzo hudhuru kuliko za katikati, hasemi ushirikina. Lakini penye ufa maji hayakimbii. Hushuka moja kwa moja mpaka pale udongo ulipokutana na mwamba mzima, na huko hukaa, hukusanyika, na huanza kuusukuma udongo juu, kama vile maji yaliyoingia chini ya busati yanavyoliinua.

Si kila udongo mkaazi una tabia hii ya ghadhabu. Katika miaka ya 1950, bwawa la Sasumua lilipokuwa likijengwa katika nyanda za Kinangop ili kuupatia mji wa Nairobi maji, udongo wa mfinyanzi uliozaliwa na mawe ya volkano ulipimwa, na vipimo vilisema kwamba haufai: ulikuwa ukibeba maji mengi mno na uzito wake ulikuwa mdogo mno. Karl Terzaghi, ambaye wahandisi wa dunia humwita baba wa ilimu ya udongo wa kujengea, aliueleza udongo huo katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1958: chembe zake hazikai moja moja, bali hushikamana katika vifundo vigumu vyenye maji ndani, nayo maji yale hayadhuru nguvu yake. Tena udongo wa jamaa hii ukikaushwa jikoni mwa maabara kabla ya kupimwa hugeuka ukawa kitu kingine, usirudi kuwa ulivyokuwa. Mpimaji akawa anapima kitu ambacho hakiko mlimani. Bwawa lilijengwa kwa udongo huo. Uko na ule wa kahawia wenye chuma kingi, ambao Francis Buchanan, katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1807, alieleza jinsi alivyouona India ukikatwa laini kama jibini na kugeuka tofali kwa kupigwa na hewa tu. Udongo mwekundu na udongo mwekundu si mamoja, na mhandisi achukuaye kanuni za udongo wa Ulaya, ambao mwingi wake ni wa kusafirishwa na barafu na mito, akazitumia kwa udongo uliooza mahali pake, huona aibu mapema.

Nirudi Mgeta. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha huko mvua ya milimita 100 na kitu kwa muda usiotimia saa 3. Paul Temple na Anders Rapp, waliokwenda kuichunguza miteremko baada yake, walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000, mengi yao madogo na ya kina kifupi, ngozi ya mlima iliyochunika na kuteleza juu ya jiwe. Mengine yalikuwa na umbo lililowafanya wayafananishe na chupa: udongo wa ndani ulikuwa umegeuka uji, ukatoka kwa shingo nyembamba, na juu pakabaki shimo. Na katika maporomoko yote yale hayakufika moja katika mia yaliyoanzia msituni. Karibu yote yalianzia katika mashamba na katika majani ya mashamba yaliyopumzishwa.

Watu husema upesi kwamba mizizi hushika ardhi, nao husema kweli, kwani mizizi ya miti huushona udongo laini kwenye mwamba uliooza kwa chini. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Mti hunywa. Siku baada ya siku majani yake huyatoa maji ya mlimani na kuyarudisha angani, na kwa hivyo huirejesha ile kiu ambayo mvua imeituliza. Mti ni mtunza kiu. Ukikatwa, unywaji hukoma siku ile ile, ilhali mizizi huoza polepole, na kwa sababu hiyo mlima huweza kustahimili miaka kadhaa baada ya msitu kwisha, mpaka watu wakasahau kwamba paliwahi kuwa na msitu, ndipo ukaporomoka, na lawama ikaangukia mvua.

Hapa sina budi kusema neno juu ya historia, ingawa si fani yangu. Mapema katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao, kwa nia iliyosemwa kuwa ni ya kuuokoa udongo. Watu wakakataa, na mwaka 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, na mpango ukaachwa. Wengi walioandika wakati ule waliona katika kukataa huko uvivu au ujinga. Mimi naona kwamba wakulima walikuwa na hoja iliyostahili kusikilizwa. Tuta la ngazi likichimbwa kwa kina huleta juu udongo wa chini usio na rutuba, na kuuzika ule mwema. Na zaidi ya hayo, maji yaliyozuiwa yasikimbie hayatoweki, bali huzama, na katika mteremko mkali wenye udongo mwembamba juu ya mwamba, kuyazamisha ni kuyapeleka pale pale yanapotakiwa yasifike. Matuta ni mema mahali pake. Mahali pake si kila mahali, na aliyepaswa kuulizwa kwanza ni yule ambaye babu yake alizikwa mteremkoni pale.

Wala jambo hili si la Uluguru peke yake. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Elgon, upande wa Uganda, uliifunika Nametsi katika wilaya ya Bududa. Na tarehe 3 Desemba 2023 sehemu iliyolegea ya mlima Hanang ilishiba maji, ikameguka, na tope likateremka na mawe na miti mpaka Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Katika kila habari ya namna hii magazeti huandika kwamba mvua ilikuwa kubwa. Ni kweli, lakini ni nadra kuambiwa udongo ulikuwa umekwisha kunywa kiasi gani kabla ya siku ile, na pasipo kulijua hilo milimita za mvua hazitupi onyo.

Mto Mgeta huzunguka milima kwa kusini ukaingia katika Ruvu, na Ruvu humwaga baharini karibu na Bagamoyo, baada ya Dar es Salaam kuchota sehemu kubwa ya maji yake. Wakati wa masika maji hayo huja mekundu. Chembe za kaolini ni ndogo mno hata zikiachwa zitulie zenyewe hazizami kwa siku nyingi, kwa hiyo katika mitambo ya kusafisha maji hutiwa shabu, au dawa ya jinsi yake, kama walivyofanya bibi zetu katika mitungi, ili zishikane na kuzama. Tope libakilo kitakoni ni feldispa ya Uluguru.